Mazoea Hayasikii Mawaidha

Kijana akimaliza ada ya chuo kwenye kubeti, familia huitisha kikao. Mjomba hufoka, shangazi hulia, baba mdogo hukumbusha jinsi marehemu babu alivyokuwa mtu wa kazi, na mwishoni kijana huinamisha kichwa na kuapa kwamba hatarudia. Kiapo chake si cha uongo. Siku ile, mbele ya watu wale, anamaanisha kila neno. Jumamosi inayofuata, mpira ukianza na simu ikiwa mkononi, dau huwekwa tena, na wazee huhitimisha kuwa mtoto ameshindikana.

Vikao vya namna hiyo hufanyika pia juu ya pombe, sigara, uvivu wa kusoma na ugomvi wa ndani ya nyumba, na karibu vyote hukosea mahali pamoja. Huzungumza na nia ya mtu, ilhali kinachomrudisha kule kule ni ubongo uliokwisha kufinyangwa na kurudia. Tabia hujengwa na tendo linalofanywa mara kwa mara mahali pale pale, saa ile ile, mbele ya kishawishi kile kile. Nyumba inayotaka kumbadili mtu wake ingefanya vyema kupunguza hotuba na kuanza kupanga upya ratiba, mazingira na saa za hatari.

Kurudia kunavyoujenga ubongo

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4 na seli za neva zipatazo bilioni 86. Kila seli huwasiliana na nyingine nyingi kupitia viungio vidogo viitwavyo sinapsi, na ujumbe huvuka hapo kwa njia ya kemikali. Sinapsi haziwekwi mara moja zikabaki zilivyo. Inayotumiwa mara nyingi huimarika, inayoachwa hudhoofika, na nyingine huondolewa kabisa.

Mwaka 1890 mwanasaikolojia wa Marekani William James aliandika kuwa mazoea yanawezekana kwa sababu ubongo wenyewe hukubali kubadilika umbo. Hakuwa na chombo cha kuthibitisha. Mwaka 1949 Donald Hebb wa Kanada alieleza namna jambo hilo linavyoweza kutokea: seli moja inaposhiriki tena na tena kuiamsha nyingine, uhusiano wa hizo mbili hukua, na safari inayofuata ya ujumbe huwa nyepesi zaidi. Ushahidi ulikuja mwaka 1973, Tim Bliss na Terje Lømo walipochapisha majaribio yaliyofanyika Oslo kwa sungura. Mipigo midogo ya umeme iliyorudiwa kwa kasi iliziimarisha sinapsi, na nguvu hiyo ilidumu kwa saa nyingi baada ya umeme kukatwa.

Eric Kandel, aliyetumia miaka mingi kumchunguza konokono wa baharini aitwaye Aplysia, alisonga mbele zaidi. Alionyesha kuwa somo la mara moja hubadili kemikali za sinapsi kwa muda mfupi tu, lakini somo linalorudiwa kwa vipindi huziamsha jeni za seli na kuotesha viungio vipya. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000. Mwanafunzi anayekesha usiku mmoja kabla ya mtihani na mwenzake anayesoma nusu saa kila jioni kwa muhula mzima wanaweza kuupata ukurasa ule ule asubuhi ya mtihani. Wiki kadhaa baadaye, ni nani kati yao atakuwa bado nao?

Kwa binadamu, mfano unaojulikana zaidi ni wa madereva wa teksi wa London. Ili kupata leseni, dereva hutakiwa kuhifadhi kichwani mitaa ipatayo 25,000 inayozunguka katikati ya jiji hilo, kazi ambayo kwa kawaida huchukua miaka mitatu au minne. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kuwa sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu za mahali, ilikuwa kubwa zaidi kwa madereva hao kuliko kwa watu wengine. Ikabaki hoja: pengine wenye vichwa vya namna hiyo ndio huchagua udereva. Utafiti wa mwaka 2011 uliwafuata wanafunzi wa udereva tangu mwanzo. Waliofuzu walionekana kuongezeka katika eneo hilo. Walioshindwa na wale ambao hawakusoma kabisa hawakuongezeka.

Mabadiliko hayo hayana mkataba wa kudumu. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani waliwafundisha watu wazima kurusha na kudaka mipira mitatu kwa zamu. Baada ya miezi mitatu, eneo la ubongo linalofuatilia vitu vinavyosogea lilikuwa limeongezeka. Walipoacha mazoezi kwa miezi mingine mitatu, ongezeko lilipungua. Mtoto aliyehifadhi juzuu kadhaa za Kurani chuoni akaacha kuzidurusi anaijua hali hiyo bila kuambiwa na mwanasayansi: aya huanza kuchanganyika, kisha hukimbia.

Tabia inakokaa

Kukumbuka kitu na kuwa na mazoea nacho ni mambo mawili, na ubongo huyaweka mahali tofauti. Hilo lilidhihirishwa na Mmarekani Henry Molaison. Mwaka 1953, ili kupunguza kifafa chake, madaktari walimwondolea sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008, hakuweza kuhifadhi tukio jipya kwa zaidi ya muda mfupi. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku hadi siku mkono ulizidi kuwa sahihi, ingawa kila siku Molaison alidhani kazi ile hajawahi kuiona. Mkono ulijifunza jambo ambalo mwenye mkono hakulikumbuka.

Mazoea ya namna hiyo hutegemea sana mafungu ya seli yaliyo ndani kabisa ya ubongo, hasa eneo liitwalo striatamu. Ann Graybiel wa Marekani na wenzake waliwachunguza panya waliokuwa wakijifunza kufuata njia yenye kona ili wapate chakula. Mwanzoni seli za eneo hilo zilifanya kazi safari nzima. Baada ya mazoezi mengi, zilifanya kazi kwa nguvu mwanzoni na mwishoni, na katikati zikatulia. Safari nzima ilikuwa imefungwa kuwa tendo moja: likishaanza, hujimaliza lenyewe. Ndivyo mtu anavyofunga mlango asubuhi na kufika kituo cha daladala huku akijiuliza kama alifunga.

Kinacholianzisha tendo ni kichocheo, na hapa ndipo penye hatari. Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz alirekodi seli zinazotoa dopamini katika ubongo wa nyani. Mwanzoni seli hizo ziliamka nyani alipopewa juisi. Alipozoea kwamba taa huwaka kabla ya juisi, seli zilianza kuiitikia taa, na juisi yenyewe haikuzigutua tena. Taa ilipowaka na juisi isije, zilinyamaza kuliko kawaida. Hamu, kwa maneno mengine, hutangulia starehe na kumsukuma mtu kabla hajaonja chochote. Mvutaji aliyeacha sigara kwa mwezi mzima hana shida akiwa kazini, ila akikaa kwenye kibaraza alichozoea, na kahawa ikimiminwa, mkono huanza kuutafuta mfuko wa shati.

Mazoea yakikomaa, hata ladha haina sauti. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, watazamaji wa sinema walipewa bisi, wengine mpya na wengine zilizokaa siku saba. Waliozoea kula bisi kila waendapo sinema walikula zile zilizochacha kwa kiasi kile kile cha zile mpya, ingawa walikiri kuwa hazina ladha. Watu wa namna hiyo hiyo walipowekwa kwenye chumba cha mikutano, walikula kwa kufuata ladha. Je, chai ya vijiko vinne vya sukari, inayonywewa kila siku na mtu aliyekwisha kuambiwa na daktari kuwa ana kisukari, inatofautiana vipi na bisi hizo?

Mkeka na simu

Ukichukua sheria hizo na kuzipeleka kwenye simu ya mkononi, kubeti hueleweka haraka. Tangu M-Pesa ianzishwe Kenya mwaka 2007 na huduma za namna hiyo kuenea Afrika Mashariki, fedha na kishawishi vimekaa ndani ya kifaa kimoja. Zamani mcheza kamari alilazimika kutoka nyumbani, na safari ile ilimpa nafasi ya kughairi. Sasa ujumbe unaingia, kidole kinabonyeza, dau limekwenda, na yote yamefanyika mtu akiwa kitandani.

Malipo yenyewe huja bila ratiba. B. F. Skinner alionyesha miongo mingi iliyopita kuwa njiwa anayepewa chembe kwa nyakati zisizotabirika hudonoa kwa bidii na huchelewa sana kukata tamaa, kuliko yule anayelipwa kila anapodonoa. Tena kukosa kwa pembeni huuma kwa namna ya pekee. Mkeka wa mechi kumi ukichanwa na timu moja, mchezaji hajioni ameshindwa, hujiona amekaribia. Watafiti wa Uingereza walionyesha mwaka 2009 kuwa kukosa kwa pembeni huamsha sehemu za ubongo zile zile zinazoamshwa na ushindi, na huongeza hamu ya kucheza tena. Kwa mahesabu ya kawaida, hasara ni hasara. Kwa ubongo wa mchezaji, hasara ya namna hiyo ni mwaliko.

Gharama hulipwa na nyumba nzima. Kodi ya mwezi hucheleweshwa, mtaji wa genge hukatika, mtoto hurudishwa nyumbani kwa kukosa mchango wa shule, na kila pengo huzaa shinikizo jipya. Shinikizo nalo halimsaidii mtu kutumia akili zaidi. Utafiti uliofanyika Ureno na kuchapishwa mwaka 2009 uliwaweka panya katika dhiki ya muda mrefu. Panya hao waliendelea kubonyeza kitufe cha chakula hata waliposhiba, kwa kuwa ubongo wao ulikuwa umeegemea zaidi upande wa mazoea. Kama mwili wa binadamu unafuata njia hiyo, kumtukana na kumfedhehesha mtu mwenye madeni ili aache kubeti ni kumsukuma pale pale anapozama.

Mawazo nayo ni mazoezi

Kurudia si kwa mikono na miguu peke yake. Katikati ya miaka ya 1990 Alvaro Pascual-Leone aliwapa watu wasiojua kinanda zoezi la vidole vitano, saa mbili kwa siku kwa siku tano. Kundi moja lilipiga kinanda. Jingine lilikaa mbele ya kinanda likifikiria tu kila kidole kinavyotua. Ramani ya vidole ndani ya ubongo ilipanuka kwa makundi yote mawili. Waliofikiria hawakuwa mafundi kama waliopiga, ila mazoezi ya kikao kimoja tu yaliwafikisha karibu na wenzao.

Kama wazo la vidole linaacha alama, wazo la huzuni lifanye nini? Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alitumia maisha yake ya utafiti kuchunguza watu wanaozungusha masikitiko yao kichwani bila kufika kwenye hatua yoyote. Aligundua kuwa mzunguko huo hurefusha huzuni, hupunguza uwezo wa kutatua tatizo, na humweka mtu karibu zaidi na sonona. Mtu hudhani anaitafakari shida, kumbe anaifanyia mazoezi.

Darasani hali ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Mwanafunzi anayejisemea kila siku kuwa hesabu haziwezi huacha kuzifanya. Kwa kuwa hazifanyi, ubongo wake haupati marudio yanayojenga wepesi. Mtihani unakuja, alama zinashuka, na lile wazo linapata ushahidi. Mwalimu au mzazi anayemwita mtoto mzito kila mara anamwongezea mtoto huyo maneno ya kujirudia usiku.

Hata hivyo, wazo linalozunguka halifukuzwi kwa kuamriwa liondoke. Huko Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa Benchi la Urafiki, ambao umefika hata Zanzibar. Bibi aliyepewa mafunzo hukaa kwenye benchi nje ya zahanati na mtu aliyelemewa na mawazo. Hamhubirii. Huyaorodhesha matatizo pamoja naye, wakachagua moja, wakapanga hatua ndogo ya kuchukua, kisha mtu hurudi kueleza ilivyokwenda. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa baada ya miezi sita waliopitia benchi walikuwa na dalili chache za msongo na sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kilichofanyika hapo ni kubadilisha zoezi: badala ya kuzungusha shida, akili inazoezwa kuikata vipande.

Samaki mkavu naye hukunjika

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kwa sehemu kubwa walipatia. Ubongo wa mtoto hupokea lugha, matamshi na adabu kwa wepesi ambao mtu mzima hana. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayosaidia kupima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kumkabidhi mtoto wa miaka kumi na mitatu simu isiyo na mipaka usiku kucha, kisha kumlaumu kwa kukosa kiasi, ni kumdai kitu ambacho bado kinajengwa.

Kosa ni kuigeuza methali hiyo kuwa hukumu kwa wakubwa. Madereva wa London na warusha mipira wa Ujerumani walikuwa watu wazima. Tofauti ni kwamba mkubwa huhitaji muda, na muda huo mara nyingi hudanganywa. Dai la kuwa tabia hujengwa kwa siku 21 lilienea kutokana na kitabu cha mwaka 1960 cha Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura, aliyeona wagonjwa wake wakichukua takriban siku hizo kuzizoea nyuso zao mpya. Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake huko London waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia moja ndogo, kama vile kunywa maji baada ya mlo. Makadirio yalianzia siku 18 hadi 254, na mtu wa katikati alihitaji siku 66. Kuruka siku moja hakukuharibu kazi. Anayeteleza siku ya tisa akajiona ameshindwa anaadhibiwa na hesabu isiyo sahihi.

Jambo jingine ni kuwa tabia ya zamani haifutwi. Ivan Pavlov aliona mapema kuwa mbwa aliyeacha kudondokwa na mate kwa mlio uliokosa chakula huweza kudondokwa tena baada ya mapumziko, bila kufunzwa upya. Tabia mpya hujengwa juu ya ile ya zamani, na ile ya chini husubiri kichocheo chake. Ndiyo maana mahali pana nguvu kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Lee Robins aliwachunguza askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa amepata uraibu wa dawa za kulevya huko. Walipofika nyumbani, mbali na kambi, wenzao na vita, wengi wao hawakurudia uraibu, na wengi hawakuhitaji matibabu. Mtu aliyetibiwa akarudishwa kwenye kijiwe kile kile hana bahati hiyo.

Kazi ya nyumba na kazi ya nchi

Hatua zinazofaa zinatokana na hayo yote. Kichocheo kiondolewe kabla nia haijapimwa: programu ya kubeti ifutwe, simu ilale sebuleni, sukari ikae kabatini badala ya mezani. Tendo jipya lifungwe kwenye alama ambayo tayari ipo. Kwa familia za Kiislamu, adhana imekuwa ikifanya kazi hiyo kwa karne nyingi: huita kwa nyakati zilizopangwa, na tendo hufuata bila mjadala. Dawa ya shinikizo la damu inayofungwa kwenye swala ya alfajiri au kwenye chai ya asubuhi husahaulika kwa nadra kuliko inayoachiwa kumbukumbu. Pengo la tabia ya zamani lijazwe, kwa sababu Jumamosi mchana isiyo na kazi humrudisha mtu kwenye dau.

Vikoba vya kuweka akiba na vyama vya akina mama vimeielewa kanuni hii bila maabara. Kikoba hakimwombi mwanachama awe na nidhamu siku saba za wiki. Kimeweka siku, mahali, wenzake wanaomsubiri na faini ya anayechelewa. Haba na haba hujaza kibaba kwa sababu kibaba kina mahali pake na siku yake.

Lakini nyumba peke yake haiwezi kushindana na kampuni zinazolipa wataalamu kupanga vichocheo. Tangazo la kubeti linalorushwa katikati ya mpira, ambapo watoto nao wanatazama, hufundisha akili za watoto kwa kurudia, kama somo lolote. Kuweka mipaka ya matangazo, kiwango cha juu cha dau na muda wa lazima wa kusubiri kati ya dau moja na jingine ni kazi ya serikali, na kuiacha kwa mzazi ni kumtwisha mzigo usio wake.

Uraibu uliokwisha kuwa ugonjwa nao una tiba yake, na tiba hiyo inaheshimu kanuni ile ile ya kurudia. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni kwa watu waliokuwa wakijidunga heroini. Mgonjwa huja, hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, huonana na mshauri, na kesho huja tena, kwa miezi na mara nyingi kwa miaka. Dawa hutuliza kiu ya mwili. Kuja kila siku humrudishia mtu asubuhi yenye mpangilio, watu wa kusalimiana nao na saa ambazo kijiwe hakimpati. Familia inayoongozana na mgonjwa wake hadi mlangoni, hata kwa wiki chache za mwanzo, humfaa kuliko itakavyomfaa kwa vikao kumi.